Kuosha Pikipiki

Wengi huosha pikipiki ipate kung'aa siku kuu. Mimi huiosha nipate kuona. Wakati wa masika huiosha kila jioni, maana tope huficha nati iliyolegea na waya wa breki ulioanza kukatika. Kiangazi, mara moja kwa juma yatosha, ila pwani chumvi haingoji juma. Injini na ipoe kwanza. Mnyororo husuguliwa kwa brashi na mafuta ya taa, ukapanguswa, kisha ukapakwa mafuta mazito. Zungusheni gurudumu kwa mkono, injini imezimwa. Mwanafunzi wangu mmoja aliiacha ikinguruma. Mnyororo ukashika kitambaa, ukamkata vidole viwili. Sasa ajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.