Katuni Nazo Zafundisha Kiingereza

Mama mmoja wa chama aliniuliza, "Mwalimu, hizi katuni watoto wanaangalia kwa simu, si ni kumaliza bando tu?" Nikamwambia, hebu tukae nao tuone.

Ilikuwa video fupi ya kueleza filamu ya The Lion King, ile ya Disney ya mwaka 1994. Mama huyu alikuwa hathubutu kusema Kiingereza mbele ya watu, anaogopa kuchekwa. Aliposikia Simba, Rafiki na Pumbaa, akapiga makofi. "Kumbe hata wao wameazima kwetu!"

Tukasimamisha kila baada ya dakika chache. Mtoto wa simba ni "cub". Kundi la simba ni "pride", na neno hilo hilo ni fahari, tena ni majivuno. Ukilisoma kwa kitabu linakuchanganya, lakini ukiona simba wamekaa pamoja, ile maana ya kundi haikupotei.

Najua, "cub" haiuzi nyanya sokoni! Lakini Scar anaponyakua utawala nchi inakauka, na hapo tukapata "drought", yaani ukame. Andikeni maneno matano tu, myaseme kwa sauti, kisha kila mmoja atunge sentensi ya shamba lake. Mkiangalia saa nzima bila kalamu, mtabaki na kicheko tu.

Wageni walipokuja kuuliza habari za ukame, mama yule hakungoja mkalimani. Alisimama akasema, "Drought. Two years."