Tiba Kazi na Afya ya Akili: Mwanafunzi Ajifunze Nini, na Wapi?



Nina hoja moja jioni hii. Mwanafunzi wa tiba kazi hatoweza kumsaidia mgonjwa wa akili mpaka ajue siku za mtu huyo zilikuwa na shughuli gani kabla hajaugua. Akilijua hilo, vifaa vichache vitamtosha. Asipolijua, hata karakana iliyokamilika itageuka mahali pa kusubiria chakula cha mchana.

Hoja yenyewe ina umri mkubwa. Mwaka 1922 Adolf Meyer, daktari wa magonjwa ya akili mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Baltimore, Marekani, alichapisha makala iliyoipa taaluma yetu msingi. Aliona kwamba uzima wa mtu unategemea anavyopatanisha mambo manne: kazi, michezo, mapumziko na usingizi. Eleanor Clarke Slagle, aliyefanya kazi naye, akaligeuza wazo hilo kuwa ratiba. Wagonjwa waliokaa hospitalini miaka na miaka, wengine hata kuvaa hawakuvaa wenyewe, waliongozwa saa kwa saa tangu kunawa uso hadi kulala, ili mazoea ya maisha yawarudie. Kwetu hapa Tanzania tunayo Lutindi, juu kwenye milima ya Usambara wilayani Korogwe, hospitali iliyoanza kupokea wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20. Chai, bustani na karakana ni sehemu ya matibabu pale.

Lakini historia hiyo ina upande wa aibu, na wanafunzi wausikie kwetu sisi walimu. Katika nchi nyingi wagonjwa wa akili walilimishwa, walifulishwa na kupikishwa miaka nenda miaka rudi bila malipo, kwa kuwa hospitali ilihitaji mikono. Jembe lilikuwa lile lile, na kwenye karatasi kazi hiyo iliitwa tiba. Kwa hiyo kabla ya kumkabidhi mgonjwa jembe, mwanafunzi aweze kueleza kazi hiyo inamfaa mgonjwa kwa lipi, na itakoma lini.

Tuchukue mfano. Mvuvi wa Pwani, miaka thelathini na kitu, ana skizofrenia, yupo wodini wiki ya tatu. Sauti alizokuwa akizisikia zimepungua, ila hashuki kitandani. Mwanafunzi anamletea ukili asuke, kwa sababu ndio uliokuwepo kabatini. Mgonjwa anaupapasa, anaurudisha. Kwenye faili panaandikwa: hatoi ushirikiano.

Hapo mwalimu aingilie kati. Kwao mvuvi huyu ukili husukwa na mama na dada zake. Yeye amekua akisuka dema na kushona nyavu. Mletee kipande cha wavu uliochanika, uzi na sindano yake, kisha kaa naye. Anaanza mwenyewe au anangoja kuambiwa? Palipochanika amepaona? Ni baada ya muda gani anapoteza hesabu ya macho ya wavu? Na akiipoteza, anagundua? Fundo linakuja lenyewe kwa mazoea, au kila mara analitafuta upya? Ukiona vidole vinatetemeka, usikimbilie kuandika woga. Muulize muuguzi anatumia dawa gani na sindano ya mwisho alichomwa lini, maana baadhi ya dawa hizi hukaza misuli na kutetemesha mikono, na daktari anaweza kurekebisha. Nusu saa ya wavu imekupa habari ambazo fomu ya maswali isingekupa.

Kinachowashinda wengi ni kusubiri. Vijana wetu wamelelewa vizuri. Wakimwona mtu mzima anahangaika na fundo, mkono unakwenda wenyewe kumsaidia. Ukishamfungia, umemwambia hawezi, na yeye amekwisha kuambiwa hivyo na watu wengi. Msaada una ngazi zake. Kwanza nyamaza. Ikibidi, uliza swali. Ikishindikana, mwonyeshe kwenye kipande kingine kilicho mkononi mwako. Kumshika mkono kuwe kwa mwisho, na kwa idhini yake.

Sasa, wapi? Shirikisho la Dunia la Wataalamu wa Tiba Kazi linataka kila mwanafunzi apate angalau saa 1,000 za mafunzo kwa vitendo. Tukizimalizia zote wodini, tunampeleka kazini mtu ambaye hajauona ugonjwa ukiishi nyumbani. Nyumbani ndiko kaka mtu anakosema, "Amepona, sema mvivu tu." Kukosa msukumo ni sehemu ya skizofrenia, na mara nyingi hubaki baada ya sauti kunyamaza. Kaka huyo anastahili kuelezwa, na anayeweza kumweleza akaaminika ni yule aliyefuatana na mgonjwa sokoni kununua fungu la nyanya, akamwona anavyosita kwenye kelele, anavyosahau chenji, anavyoitikia salamu za watu waliomwona siku alipochukuliwa na ndugu zake kwa nguvu.

Napendekeza basi kila mwanafunzi amfuate mgonjwa mmoja, kwa ridhaa ya mgonjwa mwenyewe, kutoka wodini hadi kwao, na arudi tena kumtembelea baada ya miezi kadhaa. Nauli ya daladala iingizwe kwenye bajeti ya idara, kama tunavyoingiza glovu. Ripoti ya mwisho iandikwe kwa Kiswahili, isomwe mbele ya mgonjwa na nduguye aliyemchagua, na mgonjwa apewe nafasi ya kusema pale alipoeleweka sivyo, kabla mtahini hajaweka alama.