Maiki Isiyo na Waya: Maongezi na Wanakwaya wa Kitengela na Kajiado

Wanakwaya wenzetu, kabla pesa za mchango hazijatoka, tuongee ukweli. Maiki ya bei rahisi ina masafa yaleyale tu, hayabadilishwi. Hapa Kitengela makanisa yamebanana. Jirani akinunua ya aina hiyo hiyo, spika zetu zitatoa mahubiri yake katikati ya wimbo, naye atasikia besi zetu! Basi tutafute ya UHF inayobadilishwa masafa, na tumuulize mwenye duka inatumia megahazi ngapi. Televisheni za dijitali ziko 470 hadi 694. Juu ya hapo, 694 hadi 790, tangu 2015 kumetengewa pia simu za mkononi Afrika na Ulaya. Ya mtumba ya huko juu, hata ikiwa bei inavutia, tuiache.

Tusilipe bila kujaribu. Ifungwe kanisani, mwimbaji aende akiimba hadi mlangoni, mgongo ukielekea kipokezi, kwa maana mwili wa mtu huzuia mawimbi. Sauti ikikatika, irudishwe.

Kajiado tukiimba nje, upepo si mchezo: maiki ivishwe sponji. Na vijana, kile kichwa cha maiki msikifumbate kwa kiganja, ndicho kinacholeta ule mlio.

Betri za kuchaji ziwe seti mbili. Kwa maoni yetu, ya kiongozi peke yake yatosha. Sauti nyingine zitumie za waya, juu ya stendi. Ni nafuu, na hazizimiki katikati ya ubeti.