Sidii Zetu na Deki Zinazozikataa



Baba Paroko, wazee wa kanisa, wanakwaya wenzetu wa Lodwar nanyi mliosafiri kutoka Kakuma, karibuni jubilei. Tumeombwa tuseme machache kuhusu sidii za kwaya, zile tunazochoma wenyewe kwenye kompyuta. Kwa nini sidii inaimba vizuri Lodwar, ikifika Kakuma inanyamaza?

Wengi husema ni sidii za bei ya chini. Hilo ni sehemu ndogo tu. Sidii moja hubeba megabaiti 700. Ikichomwa kama muziki wa kawaida inachukua dakika 80, na karibu kila mashine huisoma, hata redio ya gari kuukuu. Ikijazwa MP3 inabeba nyimbo zaidi ya 100, ila redio isiyojua MP3 haitoi sauti yoyote. Mama anadhani ameuziwa sidii tupu, kumbe kwaya nzima imo humo ndani.

Kuna pia suala la kufunga. Sidii isiyofungwa mwishoni mwa kuchoma husomwa na kompyuta iliyoichoma, lakini deki nyingi huikataa. Zile za kufutwa na kuandikwa upya hurudisha mwanga hafifu, kwa hiyo deki za zamani hazizioni kabisa. Video nayo ina yake: deki ya visidii haiwezi kusoma dividii, hata uipanguse mara ngapi.

Hayo yote yana dawa. Lisilo na dawa ni jua letu. Nyimbo katika sidii ya kuchoma zimeandikwa kwenye rangi nyembamba, na rangi hiyo huharibiwa na joto na mwanga. Sidii inayokaa juu ya dashibodi kutoka hapa hadi Kakuma, kilomita zipatazo 120, inazeeka haraka. Rangi ikishaharibika, hakuna fundi wa kuirudisha.

Na humo ndimo zilimo sauti za wenzetu waliotangulia mbele ya Bwana. Zimo pia za ndugu wa kambi ya Kakuma waliorudi kwao Sudan Kusini baada ya mkataba wa amani wa 2005. Hatuna nakala nyingine za sauti hizo.

Kwa hiyo, leo baada ya chakula kutakuwa na meza yenye kompyuta karibu na mlango wa kanisa. Leteni sidii zote za kwaya, hata zinazokwama, hata ambazo deki yenu imezikataa. Tutazihamishia kwenye flashi na kuwarudishia zenu. Andikeni jina kwenye kasha, si kwenye sidii, na msibandike karatasi juu yake. Wala msizisugue kwa sabuni ya unga, akina mama, tunawaomba. Zileteni na vumbi lake. Tutazipangusa sisi kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni.