Rekodi za Mtandaoni katika Somo la Muziki: Mada kwa Walimu wa Kisangani



Nimeombwa nieleze namna mwalimu wa muziki anavyoweza kutumia mtandao darasani. Naanza na msimamo wangu ili mjue ninakoelekea. Katika shule zetu, kitu chenye faida kuliko vyote tunachoweza kukitoa mtandaoni ni rekodi fupi ya sauti, ya dakika moja au mbili, iliyopakuliwa mapema, kisha ikasikilizwa darasani tena na tena mpaka kila mtoto aweze kuiimba au kuipiga. Na rekodi za kwanza ziwe za kwetu. Video na masomo yaliyotengenezwa Ulaya au Marekani yatafuata baadaye, na mengine hatutayahitaji kabisa.

Muziki wa Tshopo, Ituri na Uele umehifadhiwa nje ya nchi tangu zamani, na wengi wetu hatujawahi kuusikia. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, afisa wa Kibelgiji Armand Hutereau alipita pande za Uele akiwa na mashine ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta. Mitungi hiyo iko kwenye jumba la makumbusho la Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji, ambako hazina ya sauti iligeuzwa kuwa ya kidijitali kupitia mradi ulioitwa DEKKMMA. Mwaka 1952 Hugh Tracey alikuja kurekodi katika Kongo ya wakati huo, na sehemu ya kazi yake ya kaskazini-mashariki ilitolewa tena kwenye CD iitwayo On the Edge of the Ituri Forest. Miaka miwili baada ya safari hiyo alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ILAM, ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Colin Turnbull naye alirekodi Wambuti wa Epulu katika miaka ya 1950, na rekodi zake zilitolewa na kampuni ya Folkways ya Marekani.

Mwalimu akiandika «muziki wa Kisangani» kwenye simu yake, ataletewa nyimbo za jana na leo, na hizo za zamani hataziona. Sababu ni kwamba waliozirekodi waliandika majina ya wakati wao. Mji wetu uliitwa Stanleyville mpaka 1966, na nchi, kabla ya uhuru, iliitwa Congo Belge. Tafuteni kwa majina hayo, kisha mtafute kwa jina la kabila: Lokele, Topoke, Mbole, Turumbu, Budu, Mbuti. Jaribuni pia kwa jina la ala. Mzungu mmoja aliandika jina la kijiji hivi, mwingine vile, kwa hiyo usikate tamaa herufi ya kwanza ikikataa.

Sasa tuingie darasani. Nachukua lokole, ile ngoma ya gogo lililochimbwa ambayo Walokele wenyewe huiita bongungu. Mbatisti John Carrington, aliyefanya kazi ya umisionari Yakusu, hapo chini kidogo ya mto, alijifunza kuipiga, akachapisha kitabu juu yake mwaka 1949, Talking Drums of Africa. Alieleza jambo ambalo wazee wetu walilijua siku zote: ngoma ina midomo miwili, mmoja una sauti ya juu na mwingine ya chini, na mpigaji anafuata mpando na mshuko wa maneno ya Kilokele. Lakini maneno mengi yana sauti zilezile. Mwezi na kuku, kwa mfano, hupigwa sawasawa, juu-juu. Ndiyo maana mpigaji hasemi neno tupu. Analifungia sentensi ndefu, mwezi anautaja pamoja na kuitazama dunia kutoka juu, na msikilizaji wa kijiji cha pili hakosei.

Katika mfano huo mmoja mna somo la sauti za juu na za chini, somo la ridhimu na somo la sentensi ya muziki. Mimi hulifundisha hivi. Nawasikilizisha watoto ngoma mara ya kwanza bila kueleza chochote. Mara ya pili wanainua mkono kwenye sauti ya juu na kuushusha kwenye ya chini. Mara ya tatu mtoto mmoja anachora ubaoni: kistari juu, kistari chini. Hapo ndipo ubishi unapoanza, huyu anasema zilikuwa tatu za juu, yule anasema mbili, nasi tunarudia kipande hicho peke yake. Ubishi huo ndio somo lenyewe. Baadaye wanapiga kwenye madawati, nusu ya darasa inatuma ujumbe, nusu inausoma kwenye mchoro.

Kuna jambo dogo la vifaa ambalo huharibu somo hili lote. Spika ya simu haitoi sauti za chini. Darasa la watoto 60 likisikiliza lokole kwenye simu, watasikia mdomo wa juu tu, na wa chini utakuwa kama mtu anayegonga mlango wa mbali. Ngoma inakuwa bubu. Ni lazima iwepo bafle, yaani spika ya nje, hata ndogo ya kuchaji, na iwekwe katikati ya darasa, si juu ya meza ya mwalimu. Kama shule ina fedha ya kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya muziki, inunue bafle nzuri kabla ya kompyuta.

Kompyuta ikiwepo, hata ya zamani, wekeni programu ya Audacity. Ni ya bure, na ukishaiweka haihitaji mtandao. Unaweza kukata dakika moja kutoka kwenye rekodi ndefu, kupunguza mwendo bila kushusha sauti, na kuonyesha mchoro wa sauti ambamo midomo miwili ya ngoma inaonekana kama mistari miwili, mmoja juu ya mwingine. Mtoto aliyekuwa akibisha anaona kwa macho alichokisikia. Mchoro huo uonyeshwe baada ya kusikiliza. Ukitangulia, masikio yanalala.

Kwa uimbaji wa sauti nyingi, napendelea Wambuti. Wanafunzi wetu wengi ni wanakwaya. Wanajua soprano, alto, tenor na besi, na wanadhani hiyo ndiyo njia pekee ya kuimba pamoja. Wakisikia jinsi kila mwimbaji wa msituni anavyoshika noti zake chache na kumwachia mwenzake nafasi, mpaka wimbo unatokea katikati yao bila mtu mmoja kuumiliki, wanakaa kimya. Kisha kila safu ya madawati inapewa noti moja tu, na kazi ni kuingia pale jirani anapotoka. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Darasa langu lilipoifanikisha hata kwa nusu dakika, hakuna aliyetaka kwenda mapumziko.

Juu ya umeme na mega za mtandao sisemi sana, sote tunayajua. Mwalimu apakue usiku au kokote mtandao unapokuwa mzuri, ahifadhi kwenye kadi ya memori na awe na nakala ya pili. Shule zenye kompyuta zinaweza kutumia Kolibri au Kiwix, programu zinazoweka masomo na ensaiklopedia ndani ya mashine ili wanafunzi wasome bila mtandao. Kwa nota, IMSLP na maktaba ya kwaya iitwayo CPDL zina maelfu ya vitabu vya bure vya watunzi wa zamani, na MuseScore itakusaidia kuandika wimbo wako na kuusikia. Kwa walimu wa kwaya hizo zinatosha kabisa.

Linalonigusa zaidi ni hili. Katika rekodi nyingi za kale jina la aliyeshika mashine limeandikwa vizuri, na la aliyeimba halipo. Wanaitwa «wanaume wa Kibudu», «wanawake wenye ngoma». Watu hao walikuwa na majina, na wajukuu wao pengine wanauza katika soko kuu hapa mjini. Ndiyo maana sipendi rekodi ibaki darasani. Ipelekwe kwa mzee wa Lubunga au wa upande wa Isangi, aisikilize, aseme kama imepigwa sawa, maneno yake ni yapi, ilikuwa ya kazi gani: ya msiba, ya tohara, ya kuita watu sokoni. Mara nyingine atasema hiyo si ya kwetu, ni ya jirani, na jibu hilo nalo lina thamani. Wanafunzi wamrekodi kwa idhini yake, waandike jina lake, kijiji, lugha, ala na tarehe, na nakala apewe yeye au watoto wake. Sheria yetu ya haki za watunzi ya 5 Aprili 1986 ipo, lakini hata isingekuwepo, heshima ingetudai hivyo. Mji huu hauna upungufu wa wasanii wa kutushauri. Studios Kabako za Faustin Linyekula zimefanya kazi hapa kwa miaka mingi na vijana wa dansi na muziki.

Ombi langu kwa semina hii ni moja. Kabla hatujaachana kesho, kila shule ichague ala moja au aina moja ya wimbo, na iahidi kuleta mwisho wa muhula rekodi mbili: moja ya kale iliyopatikana mtandaoni, na moja ya mtu aliye hai anayejua muziki huo. Zikusanywe kwenye diski moja, kila shule ipewe nakala. Mimi naichukua lokole. Nawaomba wenzetu wa Mangobo wachukue nyimbo za wavuvi Wagenia, kwa kuwa nimesikia kati yenu yupo mwalimu aliyezaliwa kwenye maporomoko.