MTOTO NJITI NI MTOTO

(Mazungumzo ya mwanachama wetu, daktari wa watoto, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimetakiwa niseme machache juu ya watoto njiti. Mimba hutimia kwa wiki 40 hivi. Azaliwaye kabla ya wiki 37 ni njiti. Na wa kabla ya wiki 28 ndiye aliye hatarini zaidi, mara nyingi hata kilo moja hafikii. Mapafu yake hayana utelezi wa kutosha wa kuzuia vifuko vya hewa visigandamane. Joto humtoka upesi, kunyonya hajui, na mishipa ya ubongo hupasuka kwa urahisi. Akiokoka, huenda akapungukiwa na macho, masikio au nguvu za viungo. Hata oksijeni ikizidi kipimo humpofusha.

Mwaka 1963 Patrick, mwana wa Rais Kennedy wa Marekani, alizaliwa wiki tano na nusu kabla ya siku zake. Aliishi siku mbili tu. Ukubwa wa baba haukumsaidia. Lakini mwaka 1972 Liggins na Howie wa New Zealand walionyesha kuwa sindano apewayo mama kabla ya kujifungua hukomaza mapafu ya mtoto. Mwaka 1980 Fujiwara wa Japani akautia utelezi ule mapafuni.

Leo, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, katika njiti 10 wa chini ya wiki 28, nchi tajiri hupoteza pungufu ya mmoja. Nchi maskini hupoteza zaidi ya tisa.

Ndugu zangu, nilipoanza kazi nilimfunga mmoja kitambaa nikamweka kando, nikidhani ni mimba iliyoharibika. Alipumua mpaka jioni. Sijamsahau.

Mwaka 1978, huko Bogotá, Daktari Edgar Rey alipopungukiwa na mashine za joto, aliwaweka watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Utafiti wa 2021 katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kuwa wenye kilo 1 hadi 1.8 wakibebwa hivyo mara tu wazaliwapo, vifo hupungua kwa robo.

Vijana, kesho mtakuwa baba. Msimlaumu mama, wala msitafute mchawi. Fungueni shati mmbebe; kifua cha baba nacho kina joto.