Angalia Vidole: Mkono Uliovunjika na Kamba Iliyokaza

(Muziki unashuka. Mtangazaji anaingia.)

  Leo tunazungumza juu ya mifupa na viungo. Maembe yameanza kuiva, watoto wako juu ya miti, na kila msimu kama huu kuna mtoto anayeshuka haraka kuliko alivyopanda.

Kabla sijaenda mbali, fanya jambo moja pamoja nami. Kunja mkono wa shati. Kwa mkono wa kulia shika mkono wako wa kushoto chini kidogo ya kiwiko, pale penye nyama nene. Sasa chezesha vidole vya mkono wa kushoto, kama mtu anayepiga kinanda. Unasikia kitu kinatembea chini ya ngozi? Vidole viko kule mwisho, lakini kinachotembea kiko huku karibu na kiwiko. Ndani ya kidole hamna msuli wa kukikunja. Misuli mikubwa inayokunja na kunyoosha vidole imekaa hapo uliposhika, nayo inavuta vidole kwa kano, yaani kamba ngumu zinazopita kwenye kifundo cha mkono hadi kwenye vidole. Ni kama waya wa breki ya baiskeli: unabana huku juu, gurudumu linashikwa kule chini.

Liweke hilo moyoni, nitalirudia.

Mtu mzima ana mifupa 206. Mtoto mchanga ana vipande vingi zaidi, kati ya 270 na 300, kisha vingine vinaungana kadiri anavyokua. Ndiyo maana utosi wa mtoto mchanga ni laini, mifupa ya fuvu bado haijashikana. Mikono miwili kuanzia kifundo hadi vidole ina mifupa 54, na nyayo mbili zina 52. Jumlisha: 106. Zaidi ya nusu ya mifupa yote ya mwili iko kwenye viganja na nyayo. Nilipohesabu hivyo kwa mara ya kwanza shuleni nilidhani mwalimu amekosea.

Mifupa yenyewe haijui kutembea. Inakutana kwenye viungo, na kila kiungo kina mtindo wake. Kiwiko ni kama bawaba ya mlango, kinakunjwa na kunyooshwa. Bega ni kama mchi ndani ya kinu, linazunguka pande zote, na kwa sababu hiyo huteguka kwa urahisi. Ukichinja kuku utaona mwisho wa mfupa wa paja pana kitu cheupe kinachong'aa na kuteleza. Hilo ni gegedu, linazuia mfupa kusagana na mwenzake, na kuna ute kidogo unaolainisha hapo ndani. Msuli nao unajua kazi moja tu, kuvuta. Hausukumi. Kwa hiyo misuli imepangwa kwa upinzani: wa mbele ya mkono wa juu unakunja kiwiko, wa nyuma unakinyoosha.

Sasa jambo ambalo wengi hatulijui, kwa sababu mifupa tunayoiona ni mikavu, ya wanyama waliokwisha kufa. Mfupa ulio mwilini ni hai. Una damu yake, unauma, na ndani ya baadhi ya mifupa kuna uboho unaotengeneza damu. Ukivunjika, hujiunga wenyewe. Kwanza damu inaganda pale penye mvunjiko, kisha panaota kitu laini kama gegedu, baada ya wiki kadhaa kinaanza kuwa kigumu. Mkono wa mtoto huweza kuunga kwa wiki 3 hadi 6. Wa mtu mzima huchukua wiki 6 hadi 12, na mfupa wa paja la mtu mzima miezi 3 au zaidi. Hakuna dawa ya kupaka inayounga mfupa. Plasta ngumu ya hospitali, ile wengine wanayoiita hogo, haiungi mfupa. Inaushika tu utulie mahali pake wakati wenyewe unafanya kazi.

Na hapo ndipo nataka kuwaambia habari ya mkono wangu. Nimemwomba mama ruhusa, amekubali.

Nilikuwa na miaka 8, tulikuwa bado nyumbani, upande wa Fizi. Nilianguka kutoka kwenye mwembe wa jirani, na kwa kuwa mwembe haukuwa wetu niliogopa hata kulia kwa sauti. Niliangukia kiganja, mkono umenyooka, mfupa ukavunjika juu kidogo ya kiwiko. Watoto wengi huvunjika hapo hapo, kwa kuanguka namna hiyo hiyo. Mahali pabaya, kwa sababu mbele ya kiwiko unapita mshipa mkubwa wa damu unaolisha mkono wote hadi vidoleni.

Hospitali ilikuwa mbali na njia haikuwa salama. Tukaenda kwa mzee mmoja fundi wa kuunga mifupa. Simsemi vibaya. Alikuwa amewasaidia watu wengi, hakutudai kitu siku ile, na alinishika taratibu. Alipanga fito za mianzi kuzunguka mkono, akazifunga kwa kamba, akakaza. Akasema nisifunguliwe mpaka siku ya nne. Mkono uliovunjika huvimba, ndugu zangu, na huendelea kuvimba siku ya kwanza na ya pili. Fito hazitanuki. Kamba haitanuki. Uvimbe ukikosa pa kwenda nje unabana ndani, unaibana mishipa ya damu, na misuli inakosa damu.

Usiku ule nililia. Maumivu hayakuwa pale mfupa ulipovunjika, yalikuwa chini yake, kwenye nyama ile niliyokwambia uishike. Mtu akinigusa vidole kuvinyoosha nilipiga kelele. Baadaye vidole vikafa ganzi, nikaacha kulia, na watu wazima wakasema, afadhali, dawa imeingia. Mama aliamka na kisu akataka kukata kamba. Akaambiwa ataharibu kazi ya mzee. Akaweka kisu chini.

Msuli usiopata damu huanza kufa baada ya saa 6 hivi. Mimi nilikaa siku nne.

Mfupa wangu uliunga vizuri. Umenyooka, ukiutazama huwezi kujua. Lakini misuli ya kukunja vidole ilikufa, ikawa makovu, na kovu husinyaa. Vidole vyangu vya kushoto vimekunjika kama makucha. Vinanyooka kidogo tu nikikunja kifundo cha mkono, kwa sababu hapo waya wa breki unalegea. Ndoo ya maji naibeba kwa kulia. Hapa studio vifungo vyote navibonyeza kwa kulia. Mwaka 1881 daktari mmoja wa Ujerumani, Richard von Volkmann, aliandika juu ya mikono ya namna hii hii, iliyoharibika baada ya kufungwa bandeji zilizokaza mno. Kwa hiyo jambo lililonipata lilikuwa limeshaandikwa zaidi ya miaka mia moja kabla sijazaliwa. Habari tu haikuwa imefika kwenye kijiji chetu.

(Muziki mfupi.)

Tuseme sasa mtoto wako ameanguka leo. Usimvute mkono kuunyoosha. Usimkande, usimchue, usimwekee maji ya moto wala majani ya moto. Mvue pete, bangili na nguo inayobana mapema, kwa sababu baada ya saa moja hazitatoka. Mfunge mkono kama ulivyoukuta. Tafuta kitu kigumu: kipande cha ubao, au katoni ya mafuta ya kupikia iliyokunjwa mara mbili au tatu. Hilo linaitwa banzi. Weka kitambaa laini katikati ya banzi na ngozi. Banzi liwe refu, lishike kiungo cha juu ya mvunjiko na kiungo cha chini yake, maana ukiacha kiungo kimoja kinacheza, mfupa nao unacheza. Funga kwa vipande vya kitenge, juu na chini ya mvunjiko, si juu ya mvunjiko wenyewe, halafu uning'inize mkono shingoni kwa kitenge kingine kama haumuumizi zaidi. Kisha kituo cha afya. Usimpe chakula njiani, huenda akahitaji dawa ya usingizi ili mfupa urudishwe mahali pake.

Mfupa ukiwa umetoboa ngozi, usiurudishe ndani. Funika kwa kitambaa safi na uende mara moja, hata kama hauumi sana. Na aliyevunjika paja asisimame wala asipakiwe kwenye baiskeli. Mtu huweza kuvuja zaidi ya lita moja ya damu ndani ya paja, na nje usione hata tone. Mwite mhudumu wa afya aombe gari la wagonjwa.

Kuna wazazi wanaosema, hakuvunjika, ameteguka tu. Kwa mtoto usiwe na haraka ya kusema hivyo. Karibu na ncha za mifupa ya mtoto kuna tabaka laini ambalo ndilo mfupa unakulia. Tabaka hilo ni dhaifu kuliko kano zinazoshika kiungo, kwa hiyo pale ambapo mtu mzima angeteguka, mtoto huvunjika. Likiumia na lisitibiwe, mfupa unaweza kukua ukiwa umepinda. Kiungo kikivimba na mtoto akikataa kukitumia, apelekwe akapigwe picha ya eksirei.

Sasa mkono umefungwa. Iwe ni kwa banzi lako, kwa fito za fundi, au kwa plasta ya hospitali, kwa maana hata plasta nzuri iliyowekwa na daktari inaweza kubana mkono ukiendelea kuvimba. Weka mkono juu ya mto au nguo zilizokunjwa, juu kuliko kifua. Kisha siku ya kwanza, usiku na mchana, kila saa moja angalia vidole. Vishike: ni vya moto kama vya mkono mwingine, au baridi? Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, halafu achia. Rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2, yaani kabla hujamaliza kusema jina la mtoto na la baba yake. Mguse, umuulize kama anasikia. Halafu vinyooshe vidole vyake wewe mwenyewe, polepole. Akipiga kelele hapo, au kama maumivu yanazidi kila saa badala ya kupungua na dawa ya maumivu haisaidii, hiyo ndiyo dalili ya mapema kuliko zote. Usisubiri vidole vigeuke rangi. Ganzi na baridi huja nyuma, wakati umekwisha kuchelewa.

Ukiona dalili hiyo na mkono umefungwa kwa kamba au vitambaa, fungua. Hapo hapo, hata kama ni saa nane ya usiku. Legeza zote mpaka kwenye ngozi, uache banzi limlalie tu chini ya mkono, na muende kituo cha afya. Ikiwa ni plasta, usiikate kwa panga, rudi hospitalini usiku huo huo useme maneno haya: vidole vikinyooshwa anaumia sana. Mhudumu akisikia hivyo ataelewa.

Mafundi wetu wa kuunga mifupa mnaosikiliza, tunajua mpo, na tunajua watu wanawaamini kuliko wanavyotuamini sisi wa redio. Hatusemi muache kusaidia. Tunaomba msikaze, msiweke siku za kukatazwa kufungua, na anayelia kwa maumivu yanayozidi mumtume kituoni ninyi wenyewe.

Na wewe mama ambaye umekaa na mtoto analia usiku, na wakubwa wa nyumba wanakuambia usiguse kazi ya fundi. Waambie mtangazaji wa redio amesema ufungue. Wakitaka kugomba, waje wagombe na mimi, nipo hapa studio kila siku baada ya saa tisa mchana. Nitawaonyesha mkono wangu.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya kiungo kilichokuwa ndani ya plasta wiki nyingi: kwa nini kinakuwa kigumu, na jinsi ya kukirudisha kwenye kazi pole pole. Maswali yenu yaleteni kwa wawakilishi wa vikundi vya wasikilizaji kabla ya Jumatano.

(Muziki unapanda.)